Kupanua daraja la haiwei juu ya reli California: mwongozo kamili wa kupata kibali bila maombi kurudishwa

Wakuu, hili swali linarudi kila mara kutoka kwa jamaa wa sivil walioko huku Marekani. Wengine ni mainjinia wapya wa manispaa, wengine wanachora plani kwenye kampuni za konsalti, na karibu wote wanakwama palepale. Daraja lipo, linapita juu ya reli miaka yote, magari yamezidi, kazi ni kuongeza leni kila upande, hela ipo, alafu maombi yanalala kwa kampuni ya reli miezi na miezi au yanarudishwa na Tume ya jimbo kwamba hayajakamilika.

Sababu kubwa naiona moja: watu wanaanza na fomu. Hiki kibali kinaanza na kipimo, yani futi na inchi kati ya kichwa cha reli na tumbo la daraja, kisha kinapita kwa kampuni ya reli, na serikalini kinafika mwishoni kabisa. Ukigeuza huo mpangilio utazunguka sana.

Naongelea California tu, kila jimbo lina chombo chake na sheria zake. Ila mantiki ya vipimo na ya kampuni za reli utaikuta karibu popote Marekani.

## Nani anaamua nini

Tume ya Huduma za Umma ya California, wenyewe tunaiita CPUC, ndo yenye mamlaka juu ya kila mahali barabara ya umma inapokatana na reli, iwe ni kwa usawa mmoja, chini ya reli au juu yake kwa daraja. Hiyo iko kwenye Sheria ya Huduma za Umma, kifungu cha 1201 hadi 1205. Usidanganyike kwamba kwa vile gari na treni hazigusani basi Tume haikuhusu, daraja la juu ya reli nalo ni kivuko kwenye macho ya sheria na kulibadilisha kunahitaji idhini.

Kampuni ya reli, mfano Union Pacific au BNSF, sio serikali. Lakini mara nyingi ardhi iliyo chini ya daraja ni yake, na njia nyepesi ya kupata idhini ya Tume inadai saini yake. Kwa hiyo kivitendo ina nguvu kubwa tu.

Mwombaji ni mwenye barabara: Caltrans (idara ya uchukuzi ya California) kama ni haiwei ya jimbo, au mji au kaunti. Konsaltanti unaandaa karatasi, huombi kwa jina lako. Nimeona barua zimeandikwa kwa letahedi ya konsaltanti, zinarudi siku hiyohiyo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Namba mbili za kivuko: ya CPUC na ya serikali kuu (tarakimu 6 na herufi moja)
- Plani za daraja kama lilivyojengwa, pamoja na za upanuzi wa zamani kama uliwahi kufanyika
- Sevei mpya ya reli na daraja, isiwe ya kwenye faili la zamani
- Mkataba wa zamani kati ya mwenye barabara na kampuni ya reli, na hati ya haki ya kupita juu ya ardhi yake
- Amri za jumla za Tume, kifupi GO: GO 26-D (vipimo vya nafasi), GO 88-B (utaratibu wa kubadilisha kivuko) na mwongozo wa pamoja wa BNSF na Union Pacific kuhusu madaraja
- Bajeti ya kulipia muda wa mainjinia wa kampuni ya reli, maana hawakagui bure

Huo mkataba wa zamani watu wanaudharau sana. Humo ndo utakuta nani anatunza nini na upana gani wa anga uliruhusiwa. Kama haki uliyonayo ni ya futi 60 na daraja jipya lina futi 92, bado huna haki ya hizo 32, hata kama daraja limekaa hapo miaka 50.

## Hatua ya 1: Litambue daraja kwa namba zake

Nenda eneo la tukio, tafuta namba, alafu linganisha na rejesta. Namba ya CPUC ina msimbo wa njia ya reli, maili, na herufi ya mwisho. Barabara ikipita juu ya reli mwishoni utaona A, ikipita chini ni B.

Kwa nini nalisisitizia jambo dogo hivi? Maana haiwei ikiwa na madaraja mawili pacha, la kwenda na la kurudi, au chini kukiwa na kampuni mbili za reli sambamba, unaweza kuwa na zaidi ya namba moja na zaidi ya mtu mmoja wa kusaini. Kuna sehemu mwenye reli ni mmoja na treni zinazopita ni za mwingine, na treni za abiria nazo zina mwenyewe. Wote hao ni wadau.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye namba zote, mwenye ardhi, kila anayepitisha treni, na idadi ya reli zilizopo pamoja na ambazo kampuni inapanga kuongeza. Hiyo ya mwisho iulize mapema, kampuni ikisema inataka nafasi ya reli ya pili baadae, nguzo zako zitahama.

## Hatua ya 2: Pima upya, na pima pale daraja jipya litakapoishia

Hapa ndo miradi mingi inafia, kwa hiyo soma taratibu.

Sheria ya jimbo, GO 26-D, inataka angalau futi 22 na inchi 6 kutoka kichwa cha reli hadi kitu chochote kilicho juu, kwa reli inayopitisha mabehewa ya mizigo. Pembeni ni futi 8 na inchi 6 kutoka katikati ya reli iliyonyooka, kwenye kona inaongezeka. BNSF na Union Pacific wao mwongozo wao unataka futi 23 na inchi 4. Hivyo ni vipimo viwili tofauti vya watu wawili tofauti, wa kwanza ni sheria na wa pili ni matakwa ya mwenye reli ambayo utayajadili naye.

Sasa mtego wa kwanza. Plani ya zamani inasema futi 23 kamili, injinia anaichukua, anaiandika kwenye maombi, kumbe reli haikai ilipokuwa. Kila mafundi wakimwaga kokoto mpya na kushindilia, reli inapanda kidogo, na baada ya miongo kadhaa imepanda inchi kadhaa. Daraja halijashuka ila nafasi imeliwa kutoka chini. Ndo maana nasema sevei iwe mpya.

Mtego wa pili ndo mbaya zaidi, maana hauonekani kwenye plani ya juu. Deki ya barabara ina mteremko kwenda pembeni ili maji yatoke, kawaida asilimia 2. Ukipanua daraja ukaendeleza mteremko uleule, kila futi unayoongeza kwenda nje inashuka. Chukua mfano: unaongeza futi 16, leni moja na bega. 16 mara 0.02 ni futi 0.32, karibu inchi 4. Kama ukingo wa daraja la zamani una futi 22 na inchi 9, ukingo mpya wenye boriti za kina kilekile utakuwa na futi 22 na inchi 5. Umeshavunja sheria kwa inchi moja, na kule kwenye plani kila kitu kinaonekana safi, maana mchoraji ameandika kipimo cha katikati ya daraja.

Alafu kuna kona. Reli ikiwa kwenye kona, ya nje inainuliwa kuliko ya ndani, wewe pima kutoka ile ya juu. Na reli ikiwa inapanda mlima kidogo, upande mmoja wa daraja utakuwa na nafasi ndogo kuliko mwingine. Kwa hiyo pima kwenye kila reli, kwenye kila ukingo wa daraja la sasa na la baadae, uandike jedwali.

Onyo: sevea haingii kwenye ardhi ya reli bila ruhusa ya kuingia. Hata kama ni dakika kumi tu na hakuna treni. Ukikamatwa humo uhusiano wenu na kampuni umeanza na doa, na hawa ndo watu unaowahitaji zaidi.

Umefaulu ukiweza kujibu kwa sentensi moja: sehemu yenye nafasi ndogo kabisa ni wapi, ni futi ngapi leo, na itakuwa ngapi baada ya kazi.

## Hatua ya 3: Chagua boriti ukiwa unafikiria ujenzi, sio daraja likiisha tu

California tunapenda sana madaraja ya zege ya kumwaga palepale. Sehemu nyingine ni sawa kabisa, ila juu ya reli inamaanisha mbao na vyuma vya kushikilia zege vitakaa chini ya daraja kwa miezi, na vyenyewe vinakula nafasi. Ukishuka chini ya futi 22 na inchi 6 hata kwa muda, nalo ni jambo la Tume, sio la kontrakta kuamua saitini. Linatakiwa lionekane kwenye maombi kwa namba.

Ushauri wangu: kama nafasi ni ya kubana, chagua boriti za zege zilizotengenezwa kiwandani au za chuma, zinainuliwa kwa kreni usiku treni zikiwa zimesimamishwa kwa muda mliokubaliana. Zina gharama ila unaondoa mgogoro mzima wa nafasi ya muda. Na boriti za kina kifupi kidogo zinaweza kurudisha zile inchi 4 zilizopotea.

Kuna watu wanapendekeza kushusha reli. Inawezekana kiinjinia, ila kampuni ya mizigo kukubali kufunga njia yake ili barabara yako ipate leni ni jambo gumu mno, usiliweke kama mpango wa kwanza.

Nguzo nazo ziangalie. Nguzo ikiwa chini ya futi 25 kutoka katikati ya reli, miongozo ya AREMA (chama cha mainjinia wa reli Marekani) inataka iwe nzito yenyewe au iwe na ukuta wa kuikinga treni ikiacha njia. Kati ya futi 12 na 25 ukuta uwe na kimo cha angalau futi 6 juu ya kichwa cha reli, chini ya futi 12 uwe futi 12. Daraja la zamani linaweza kuwa halina huo ukuta, na ukilipanua tegemea kuambiwa uuweke kwenye nguzo za zamani pia. Weka hiyo hela kwenye bajeti mapema.

Maji ya mvua ya kwenye deki yasimwagike kwenye ardhi ya reli. Na juu ya reli weka uzio wa kuzuia watu kurusha vitu.

## Hatua ya 4: Lipa kwanza, ndo wakague

Kampuni ya reli haifungui faili lako mpaka usaini mkataba wa kuwalipia gharama za kukagua. Watu wanatuma plani kwa imeili, wanasubiri, wanalalamika kwamba reli ni wavivu, kumbe hakuna mtu aliyepewa hiyo kazi maana haina akaunti ya kuitoza.

Ukishasaini, tuma plani kwa awamu. Wazo la mwanzo, kisha plani zilizofika asilimia 30, na kuendelea mpaka za mwisho. Usiruke ile ya mwanzo kwa kudhani unaokoa muda. Wakikataa urefu wa daraja kwenye asilimia 90 unaanza upya, wakikataa kwenye wazo la mwanzo umepoteza karatasi chache.

Kila wakirudisha maoni, jibu kila moja kwa jedwali: maoni, jibu, namba ya shiti iliyobadilika. Maoni ambayo hujayajibu yatarudi awamu inayofuata, na safari hii yatakuwa na wenzake.

Umefaulu ukiwa na barua ya kampuni inayosema haina pingamizi na plani. Simu ya "msijali tuko sawa" haihesabiki.

## Hatua ya 5: Waite watu wa Tume waje waone

CPUC ina kitengo cha mainjinia wa vivuko vya reli. Omba mkutane eneo la daraja: mwenye barabara, kampuni ya reli, na injinia wa Tume. Fanya hivi wakati plani bado zinabadilika.

Faida yake ni kwamba unatoka hapo ukijua kama mradi wako unafaa njia nyepesi au utaenda njia ndefu, na kama kuna jambo linalowasumbua, mfano watembea kwa miguu wanaokatiza chini ya daraja. Andika muhtasari, watumie wote, waombe wasahihishe. Muhtasari huo utakuja kuambatanishwa kwenye maombi.

## Hatua ya 6: Mazingira

Sheria ya mazingira ya California, CEQA, ina msamaha kwa mradi unaojenga upya daraja lililopo la kutenganisha barabara na reli, kifungu cha 21080.13 cha Sheria ya Rasilimali za Umma. Ni msamaha mzuri ila usiutumie ovyo. Kama daraja ni kipande tu cha mradi wa kupanua maili tano za haiwei, huwezi kukata kipande hicho ukasema kimesamehewa huku mengine unayachunguza pembeni. Mahakama zinakataa kukatakata mradi, na Tume itauliza.

Ukitumia msamaha, wasilisha notisi yake. Notisi ikiwasilishwa, muda wa mtu kwenda mahakamani ni siku 35, bila notisi ni siku 180.

Kukiwa na pesa ya serikali kuu, kuna NEPA pia, yani sheria ya mazingira ya serikali kuu, na daraja likiwa la kihistoria kuna sheria ya mwaka 1966 ya kulinda majengo ya kale. Uliza umri wa daraja siku ya kwanza.

## Hatua ya 7: Mkataba mkubwa na haki ya anga

Sasa mnaandikiana mkataba wa ujenzi na matunzo. Nani anatunza deki, nani anatunza ukuta wa nguzo, nani analipia watu wa bendera, yani wale wa kulinda wafanyakazi treni zinapopita. Kwenye miradi ya pesa za serikali kuu ya kupanua daraja lililopo, usitegemee kampuni ya reli kuchangia. Leni za ziada ni faida ya barabara.

Sambamba nunua haki ya zile futi za ziada, na ya muda kwa ajili ya kreni. Idara ya ardhi ya kampuni ya reli na idara ya mainjinia wao ni watu tofauti, hawaambiani lolote. Fungua faili kwa wote wawili.

Onyo: mkataba ukitoka upande wenu lazima upite kwa baraza la mji au kaunti, na baraza lina ratiba yake. Hesabu hiyo.

## Hatua ya 8: Ombi la GO 88-B

Hii ndo njia nyepesi niliyoitaja. GO 88-B inaruhusu mainjinia wa Tume kutoa idhini kwa barua, bila kesi, kwa mabadiliko ya vivuko vilivyopo ikiwemo kubadilisha au kujenga upya daraja. Sharti kubwa ni kwamba wadau wote wamekubaliana, na mainjinia wa Tume wenyewe wako ndani ya hayo makubaliano.

Ndani ya ombi weka:

1. Namba za kivuko na mahali kilipo
2. Hali ya sasa, kisha unachobadilisha
3. Faida kwa umma, kwa maneno ya kawaida, usinakili kurasa za ripoti ya trafiki
4. Nafasi ya juu na ya pembeni: ya sasa, ya wakati wa ujenzi, ya mwisho
5. Nani analipa na nani anatunza
6. Trafiki itapitaje wakati wa ujenzi
7. Uthibitisho wa mazingira
8. Saini au barua za makubaliano za kila mdau
9. Plani

Namba 4 na 8 ndo zinazorudisha maombi. Kwenye 4 watu wanasahau kabisa wakati wa ujenzi. Kwenye 8 wanaleta barua ya Union Pacific na kusahau reli ya abiria inayopita palepale.

Jedwali la nafasi likisema futi 22 na inchi 8 na shiti ya plani ikasema 22 na inchi 7, litarudi. Kaa na mwenzako msomeane namba kwa sauti kabla ya kutuma, ni kazi ya nusu saa.

Umefaulu ukipata barua ya idhini. Isome yote. Ina tarehe ya mwisho na masharti, na ukiona kazi itachelewa omba nyongeza kabla tarehe haijapita.

## Hatua ya 9: Mkishindwa kukubaliana

Basi ni maombi rasmi mbele ya Tume. Kuna jaji wa utawala, notisi inatangazwa, wenye pingamizi wana siku 30, mwisho makamishna wanapiga kura. Hapo tafuta wakili anayezijua kanuni za Tume, usiende mwenyewe.

Ila kabla ya kufika huko rudi kwenye hatua ya 3. Mara nyingi ugomvi wenyewe ni inchi chache, na inchi chache zinapatikana kwa kubadilisha boriti kwa bei ndogo kuliko mwaka mzima wa kesi.

## Hatua ya 10: Kibali kipo, kontrakta bado asikanyage

Barua ya Tume haimpi kontrakta ruhusa ya kuingia kwenye ardhi ya reli. Yeye anahitaji mkataba wake wa kuingia, na bima maalum ya kuilinda kampuni ya reli. Kwenye miradi ya pesa za serikali kuu kiwango kinachotumika ni dola milioni 2 kwa tukio na milioni 6 kwa jumla. Wafanyakazi wapate mafunzo ya usalama wa reli, na mtu wa bendera awepo kila kazi inapofika ndani ya futi 25 za reli au kreni inapoweza kuangukia humo. Watu wa bendera ni wachache na wanawekewa nafasi wiki nyingi kabla.

Plani za kubomoa ukingo wa zamani, za kuinua boriti na za kushikilia udongo karibu na reli zinakaguliwa na kampuni ya reli, kila moja kivyake. Kuta za kushikilia udongo zihesabiwe kwa mzigo wa treni wa Cooper E80 (kipimo cha kawaida cha uzito wa treni kwenye hesabu za usanifu), maana udongo unaochimba ndo umebeba treni.

Kazi ikiisha, mrudishe sevea apime nafasi ileile ndogo uliyoiandika hatua ya 2. Ndani ya siku 30 tuma Fomu G kwa CPUC kwamba kazi imekamilika, na rejesta ya serikali kuu ya vivuko ibadilishwe kwa fomu ya FRA (mamlaka ya reli ya serikali kuu) namba 6180.71. Kipimo cha sevea kiambatanishe kwenye faili la daraja, pamoja na tarehe aliyopima na reli aliyopimia.